Shajara ya mradi: kumlisha dada baada ya operesheni ya kupunguza tumbo

Kabla ya operesheni

Naanza kuandika hapa kwa sababu jiko nimekabidhiwa mimi. Dada anaenda kufanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, hii ya slivu, na nyumbani tumeshakubaliana kwamba wiki zote za mwanzo kila kinachoingia mdomoni kwake kinapita mikononi mwangu kwanza. Kijitabu cha hospitali nimekisoma mpaka kurasa zimeanza kuchomoka, nimekaa na mtaalamu wa lishe nikamuuliza maswali mengi sana, maana siwezi kuingia jikoni kufuata ratiba ambayo sijui kwanini imepangwa hivyo.

Lengo la mradi: kumtoa dada kwenye maji matupu mpaka kwenye sahani ya chakula cha kawaida bila kuusumbua mshono wa ndani, bila mwili kukauka maji, bila misuli kuisha. Kilo sijaziweka kwenye malengo na nimefanya makusudi. Tumbo likishakuwa dogo kilo zinashuka zenyewe, kwahiyo mtu wa jikoni akianza kuwaza namna ya kumbania mgonjwa chakula anarudia kazi ambayo daktari ameshaimaliza. Wiki hizi ni za kupona. Hili nimewaambia watu wote wa nyumbani maana nimeshasikia mtu anasema "si ndo vizuri asipokula, atapungua haraka", hapana jamani, asipopata protini mwili unakula misuli yake wenyewe na kidonda kinachelewa kufunga.

Slivu ni hivi, kwa faida ya anayesoma na hajui: daktari anakata na kuondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, mwanzoni unabeba kama ml 100 hadi 150 hivi. Ule mrija umefungwa kwa pini ndogo ndogo za stepla kuanzia juu mpaka karibu na chini. Huo mshono mrefu ndo unaopanga menyu yangu, hamu ya mtu baadae. Kingine ambacho nilikuwa sikijui, sehemu inayoondolewa ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwahiyo watu wengi miezi ya mwanzo hawasikii njaa kabisa. Maana yake kwangu ni kwamba sisubiri aniambie ana njaa, naenda na saa.

Sasa hivi yuko kwenye chakula cha kabla ya operesheni, wanga na sukari vimepungua sana, mafuta kidogo, wiki mbili. Sababu ni ini. Ini la mtu mwenye uzito mkubwa mara nyingi linakuwa limejaa mafuta na linalala juu ya tumbo, daktari lazima alinyanyue ndo aone anachofanya, likiwa limenywea kazi inakuwa rahisi na salama zaidi. Dada alikuwa anaona ni adhabu, nilipomweleza hivyo akatulia, siku hizi ananikumbusha yeye.

Vitu nilivyokusanya: vile vikombe vidogo vya dawa vya ml 30, chujio lenye matundu madogo sana, blenda, mizani ya jikoni, vijiko vya chai, visahani, na trei za kugandishia barafu. Chupa yenye alama za ml pia. Basi.

Siku za hospitali

Operesheni imeenda salama. Chakula hakuna, ni vinywaji angavu tu, yani kitu ambacho ukikimimina kwenye glasi unaona mpaka chini: maji, mchuzi mwepesi uliochujwa, chai nyepesi isiyo na sukari. Gesi hapana, soda hapana, mrija wa kunywea tumeambiwa tuuache maana mtu anavuta hewa pamoja na kinywaji na hewa kwenye tumbo bichi inauma.

Spidi ni kikombe kimoja cha ml 30 kwa robo saa. Ukipiga hesabu hiyo ni ml 120 kwa saa, na anatakiwa afike lita 1.5 kwa siku, kwahiyo akinywa bila kuruka anahitaji zaidi ya saa kumi na mbili akiwa macho. Ndo nikaelewa kwanini muuguzi alisema kunywa itakuwa kazi ya kutwa nzima. Hakuna kufidia, ukichelewa asubuhi huwezi kumpa glasi nzima mchana, haitakaa.

Bega lilimuuma siku ya kwanza, tukashtuka. Operesheni za matundu madogo wanapuliza gesi ya kaboni dioksidi tumboni wapate nafasi ya kufanyia kazi, gesi inayobaki inasumbua kiwambo cha chini ya mapafu na maumivu yanasikika begani, yakapungua alivyoanza kutembea kwenye korido. Ila daktari alisisitiza hili na mimi nalisisitiza: bega au tumbo likiuma halafu kuna homa, au mapigo ya moyo yanakwenda zaidi ya 120 akiwa amekaa tu, au anahema kwa shida, hapo ni kurudi hospitali muda huo huo usiku au mchana, inaweza kuwa mshono unavuja. Nimeiandika kwa herufi kubwa nikabandika kwenye mlango wa friji.

Wiki ya kwanza nyumbani

Tumeingia hatua ya vinywaji vizito. Maziwa yasiyo na mafuta, mtindi mwembamba usio na sukari, supu iliyosagwa na kuchujwa, na unga wa protini. Kipimo changu ni chujio: kikipita bila kusukumwa na kijiko kinaenda kwa dada, kikibaki juu kinarudi kwenye blenda.

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe kwa hiyo naeleza kwa urefu. Protini anayotakiwa kufikisha ni gramu 60 mpaka 80 kwa siku, kwa mtu anayemeza ml 30 kwa wakati hiyo ni milima. Maziwa ya kawaida ml 250 yana kama gramu 8. Nikiongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta napata kama 5 zaidi, kwahiyo ujazo ule ule unabeba 13. Akimaliza vikombe vitatu vya hivyo kwa siku nzima ni 39, unga wa protini kipimo kimoja chenye protini gramu 20 hadi 25 kikiingia katikati tunagusa 60. Siku za kwanza kabisa hafiki huko na mtaalamu wa lishe alisema tusitishike, maji kwanza, protini inapanda taratibu. Nikilazimika kuchagua kati ya maji na protini nachagua maji, maana kukauka maji ndo moja ya sababu kubwa zinazowarudisha watu wodini baada ya hii operesheni.

Kuchanganya kuna ufundi wake. Maziwa ya unga nayakoroga kwanza na maziwa kidogo ya baridi mpaka yawe rojo zito lisilo na punje, ndo namwagia yaliyobaki. Unga wa protini haupendi moto, ukiumwaga kwenye supu inayochemka unashikana mabonge madogo magumu ambayo hata blenda inahangaika nayo, kwahiyo naiacha supu ipoe mpaka naweza kuweka kidole bila kukitoa, ndo naweka unga huku nakoroga. Alafu nachuja tena.

Ladha imebadilika aisee. Ule unga wa vanila alioupenda kabla ya operesheni sasa hivi hautaki hata kuunusa. "Mdogo wangu toa hiki kitu, kitamu mpaka kinaniuma meno." Nimeambiwa ni kawaida, vitu vitamu vinakuwa vitamu kupita kiasi na harufu zinakuwa kali, na inaweza kubadilika tena baada ya wiki kadhaa. Nimehamia kwenye unga usio na ladha, naweka kwenye supu ya kuku iliyosagwa na kuchujwa, chumvi kidogo, ndimu kidogo, anakunywa vizuri tu. Pia ya uvuguvugu inapita kuliko ya baridi, ya baridi inamkaza kifuani. Mwenzake wa kitanda cha jirani kule wodini ilikuwa kinyume, alikuwa anataka ya baridi tu, kwahiyo jaribu zote mbili.

Kwa maji naangalia vitu vitatu: rangi ya mkojo, mdomo, na akisimama anasikia kizunguzungu au la. Mkojo ukiwa wa njano iliyopauka tuko sawa. Ukianza kuwa mzito kama chai nakaa nae na kikombe na saa mpaka urudi.

Dawa nazo ni sehemu ya kinachoingia tumboni, usiache. Vidonge vikubwa tumebadilishiwa kuwa vya maji au vya kusaga, ila usisage kidonge chochote bila kumuuliza mfamasia, vile vinavyotoa dawa taratibu ukivisaga dawa yote inatoka mara moja. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki tumekatazwa, zinaleta vidonda vya tumbo. Dada alikuwa na vidonge vya presha vya kutoa maji, daktari amevisimamisha maana anakunywa kidogo na presha imeshaanza kushuka. Wenye kisukari hili linawahusu zaidi, sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache tu za mwanzo na dozi ya zamani ikawa kubwa mno, daktari apange upya kabla mtu hajatoka hospitali.

Wiki ya pili

Chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni watu.

Wageni wanakuja, wanamuona amekaa na kikombe cha dawa chenye supu, roho inawauma. Shangazi alikuja na sufuria limejaa, akasema "mwanangu, kijiko kimoja tu upate nguvu, sasa utapona na maji hayo?" Namuelewa kabisa, anampenda. Nilimchukua pembeni nikamwambia shangazi ndani kuna kidonda kirefu ambacho hukioni, kitu kigumu kikipita kinaweza kukifungua, na hiyo supu unayoidharau ina protini ndani yake. Alikaa kimya kidogo akauliza sasa mimi nimletee nini. Nikamwambia mchuzi wa mifupa, uchujwe, bila mafuta. Tangu siku hiyo analeta, na uko vizuri kuliko wangu, naugandisha kwenye trei.

Dada nae ana lake. Jana usiku ameniambia hana njaa hata kidogo ila anatamani kutafuna, anaona wenzake mezani wanatafuna anasikia kulia. Hii njaa ya kichwani wanaoijua wanasema inakuja kwa wengi na inashika sana kipindi hiki cha vinywaji, kwa sababu mtu amezoea miaka yote chakula ndo kinampumzisha. Hatukumwambia avumilie. Tumeamua muda wa kula wa familia yeye anakuja mezani na supu yake kwenye kibakuli kizuri na kijiko, anakunywa kwa kijiko badala ya kikombe, na asipotaka kukaa anaenda kutembea na mimi nje. Siku nyingine anakaa, siku nyingine tunatembea.

Wiki ya tatu, tumeanza kusaga

Daktari ameangalia, amekubali. Hatua ya rojo. Hospitali zinatofautiana, kuna zinazoanza rojo mapema na zingine zinachelewesha, fuata yako, usichukue tarehe za dada yangu.

Rojo ninayoitaka ni ya kukaa juu ya kijiko bila kudondoka lakini ukiigeuza inateleza yote, laini mwanzo mwisho, hamna punje wala uzi. Samaki mweupe ndo ameongoza mpaka sasa: nampika kwa mvuke, natoa miiba kwa vidole nikiwa kwenye mwanga mzuri, nasaga na mchuzi wa shangazi kijiko baada ya kijiko, kwa sababu ukimwaga mchuzi mwingi mara moja unapata supu yenye nyuzi. Dengu zilizoiva mpaka kupasuka zinasagika vizuri sana. Mtindi mzito hauhitaji chochote. Kuku wa kusaga nimemjaribu, kifuani pa kuku kukisagwa kunakuwa na chengachenga kama mchanga hata mchuzi uwe mwingi, nimemuweka pembeni kwanza.

Kiasi ni vijiko viwili vya chakula, akiweza vinafika vinne, mara tano au sita kwa siku. Kwenye trei yetu tundu moja linaingia vijiko viwili kamili kwahiyo nagandisha samaki trei moja, dengu trei moja, nikitaka chakula natoa kipande kimoja tu. Anakula kwa kijiko cha chai, nusu kijiko, anakiweka chini, anasubiri, ndo anachukua kingine. Dakika 20 mpaka 30 kwa hivyo vijiko viwili. Ukikaa nae mara ya kwanza unaona muda hauendi.

Kushiba kwake kumekuwa na dalili ambazo sikuzitegemea. Pua inaanza kuchuruzika. Au kwikwi moja. Au anashusha pumzi ndefu tu. Hapo ndo mwisho, hata kama kimebaki nusu kijiko, kinatupwa. Tumbo la zamani lilikuwa linampa nafasi ya kuzidisha akasikia kujaa baadae, hili jipya halina hiyo nafasi, nusu kijiko juu ya dalili kinaleta maumivu katikati ya kifua.

Yalimpata mchana mmoja akiwa anaongea na simu huku anakula yai la kuvuruga lililosagwa, mazungumzo yamenoga, akameza haraka bila kuhesabu. Chakula kikakwama juu. Mate yakaanza kujaa mdomoni mazito yenye povu, jasho, akasimama anashika kifua. Mtaalamu wa lishe alishatuandaa kwa hili: acha kula, usisukume na maji hata kidogo maana maji yanakaa juu ya kilichokwama na kuongeza maumivu, simama, tembea taratibu, tema mate usiyameze. Baada ya muda kikapita chenyewe. Siku iliyobaki tukarudi kwenye vinywaji tupu ili tumbo litulie. Simu sasa inakaa chumba kingine wakati wa kula, sheria hiyo kaiweka dada mwenyewe.

Na maji hayachanganywi na chakula. Anaacha kunywa kidogo kabla ya kula, akimaliza anasubiri dakika 30 ndo anaanza tena vikombe vyake. Mrija ni mwembamba, maji yakiingia pamoja na chakula ama vinajaa vyote anaumia, ama maji yanakisukuma chakula chini haraka. Ratiba ya siku nzima ikawa ni kupishanisha tu, kula, kusubiri, kunywa, kunywa, kunywa, kuacha, kula. Nimeweka alamu, bila alamu siku inatukimbia.

Mizani imegoma

Nilisema kilo sizifuatilii ila yeye anafuatilia, ni haki yake. Wiki mbili za kwanza zilishuka kwa kasi halafu zikasimama kabisa, leo, kesho, keshokutwa namba ile ile, akaanza kuniambia labda operesheni imeshindwa, labda unanilisha sana. Nilikaa nae tukaongea. Mwili una akiba ya sukari kwenye ini na misuli, glaikojeni, na kila gramu 1 ya hiyo akiba imeshikilia maji kama gramu 3. Chakula kikikatika ghafla hiyo akiba inatumika na maji yake yanatoka, ndo maana mwanzo mizani inaporomoka. Baadae mwili unajipanga upya, unarudisha maji kidogo, mafuta yanaendelea kuungua lakini mizani haionyeshi. Wiki ya tatu karibu kila aliyepita njia hii anaikumbuka. Tumekubaliana mizani iende juu ya kabati, inashuka mara moja kwa wiki. Nguo zinaonyesha ukweli, mkanda umehama matundu na yeye mwenyewe kauona.

Chakula sikupunguza hata kijiko.

Vitamini

Hii nilitaka niiweke mwishoni nikaona watu hawafiki mwisho. Vitamini sio za wiki za mwanzo tu, ni za maisha yote, kwa sababu chakula kinachoingia ni kidogo na sehemu ya tumbo iliyokuwa inasaidia vitamini B12 kufyonzwa imeondolewa. Mwanzoni tumepewa za kutafuna. Kuna ya mchanganyiko, kuna B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu. Kalsiamu tumeambiwa iwe ya sitreti, inafyonzwa hata tumbo likiwa na asidi kidogo, jumla miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku lakini sio kwa mkupuo, kama 500 kila mara kwa sababu zaidi ya hapo mwili hauchukui vizuri. Na kalsiamu na chuma zinagombana, ziachane saa mbili. Kwahiyo chuma anakula usiku kabla ya kulala, kalsiamu asubuhi, mchana na jioni. Dozi za dada ni za dada, zako zinatoka kwenye vipimo vyako vya damu.

Moja niseme kwa uzito wake, vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ndogo, inaisha ndani ya wiki chache tu. Mtu anayetapika siku baada ya siku baada ya operesheni hii anaweza kuishiwa na ikagusa ubongo, anaanza kuona vitu viwili viwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa. Usikae nyumbani ukisema tumbo linazoea. Nenda, na ukifika mwambie daktari huyu amefanyiwa operesheni ya tumbo na anatapika, B1 inatakiwa ipewe kabla au pamoja na dripu ya sukari, sukari peke yake inaweza kuzidisha tatizo. Huko dharura unaweza kukutana na mtu asiyejua historia yake, mdomo wako ndo unamsaidia.

Wiki ya tano, chakula laini

Blenda imepumzika! Kipimo sasa ni uma: nikibonyeza na mgongo wa uma kikasagika bila kutumia nguvu kinapita. Mayai laini yenye mtindi ndani, samaki wa mvuke mzima mzima, maharage yaliyopondwa na maganda yametolewa, jibini laini, mboga zilizoiva sana, matunda yaliyomenywa. Protini inaliwa kwanza, mboga zinafuata, matunda mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo. Alivyotafuna mara ya kwanza alifumba macho, na mimi nikamwangalia nikafurahi kweli.

Vinavyosubiri: mkate laini, wali, tambi. Watu wanashangaa maana wanaona ndo vyepesi. Mkate laini ukitafunwa unakuwa donge la kunata linaloziba njia, wali na tambi vinashikana na kuvimba. Nyama nyekundu yenye nyuzi nayo bado, ndo inayokwama kwa wengi hata miezi baadae. Karanga, mbegu, maganda ya matunda, bado.

Choo kimekuwa kigumu. Protini nyingi, nyuzinyuzi kidogo, madini ya chuma juu yake, lazima. Tumeongeza maji kwa ml 200 hivi, kutembea baada ya chakula, na daktari ametupa dawa ya kulainisha ya maji. Limepungua.

Kitu cha kuangalia kuanzia hapa: kama alikuwa anakula laini vizuri halafu taratibu vinaanza kugoma, leo samaki hapiti, kesho rojo haipiti, anabaki na maji tu, inaweza kuwa njia imebana mahali. Inatibika, wanaingiza kamera kwa mdomo na kupanua, lakini lazima uende.

Pembeni kidogo, kwa wa baipasi

Rafiki wa dada amefanyiwa baipasi, aina nyingine ya operesheni ya kupunguza tumbo, na ameniomba ratiba yangu. Hatua zinafanana, maji, vizito, rojo, laini, kwahiyo nimempa, ila nikamwambia vitu viwili. Baipasi wanatengeneza kifuko kidogo sana cha kama ml 30 na kukiunga moja kwa moja na utumbo mbele zaidi, kwa muungano wa umbo la Y wenye jina la daktari Mswisi César Roux, kwahiyo chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo inayofyonza chuma na kalsiamu kwa wingi. Vitamini kwake hazina mjadala. Na sukari itamuadhibu zaidi, akila kitu chenye sukari nyingi kinaingia kwenye utumbo kwa kasi na kuvuta maji, ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linasokota, kuhara. Wengine inakuja saa moja mpaka tatu baadae, sukari ya damu inashuka anatetemeka. Juisi ya matunda tu inatosha kuleta hayo, asidanganyike kwamba ni ya asili.

Wiki ya nane

Daktari ameruhusu chakula cha kawaida, kimoja kimoja. Kipya kimoja kwa siku, mchana tusije tukahangaika usiku, na kikikataa tunakiacha wiki kadhaa ndo tunakijaribu tena. Sahani ni ile ya chai, nusu yake na zaidi ni protini. Maji yanafika lita moja na nusu bila alamu. Protini siku nyingi ni 65, 70, na unga sasa unaingia siku moja moja tu chakula kikiwa hakijatosha. Pombe hataki, na ni vizuri maana baada ya operesheni hizi kidogo tu inapanda haraka kichwani. Dawa ya kuzuia mawe kwenye nyongo anaendelea nayo mpaka miezi sita itimie, kupungua haraka kunayaleta hayo mawe. Nywele nimeshamwambia kabla hazijaanza: kati ya mwezi wa tatu na wa sita zinaweza kudondoka kwa wingi, ni mshtuko wa mwili, zinarudi kama protini na chuma viko sawa. Vipimo vya damu ni mwezi wa tatu, tarehe imeshawekwa.

Jiko tunaanza kugawana. Asubuhi anajipikia mwenyewe, mchana na usiku bado mimi. Trei zina samaki na dengu za kutosha siku akichoka.

Kilichobaki kwenye orodha yangu ni kuku. Kifuani pamekataa kusagwa, pamekataa pia kwa uma, panakauka na kukwama. Wiki hii najaribu paja, lina mafuta kidogo zaidi na halikauki haraka, nalichemsha moto mdogo kwenye mchuzi mpaka linaachia mfupa lenyewe, nalichambua nyuzi fupi fupi kukatisha, nalirudisha kwenye mchuzi lilale usiku mzima. Gramu 30 kwa kuanzia, mchana, yeye akiwa amekaa na simu ikiwa chumba kingine. Nitaandika likipita.